Kazi na Tarehe Zikae Pamoja: Jinsi ya Kubuni Programu Rahisi ya Kazi Yenye Kalenda Ndani

Pesa za biashara yako tayari ziko kwenye simu. Ukilipwa, ujumbe unaingia ukiwa na kiasi, tarehe na saa. Ukilipa, vilevile. Lakini je, kazi zinazoleta hizo pesa ziko wapi? Kwa wengi wetu, nusu ziko kichwani, robo ziko kwenye daftari chini ya kaunta, na zilizobaki zimezama ndani ya WhatsApp. Ile ahadi ya "nitakuwekea tayari Jumamosi" haina mahali pake. Jumamosi inafika, mteja amesimama mlangoni, na kitambaa bado hakijanunuliwa.

Hapo ndipo pesa hupotea. Unarudisha malipo ya awali ambayo ulishayatumia, au unapunguza bei ili mteja atulie, au anaondoka na harudi tena. Na hiyo ni kwa wateja tu. Ukisahau tarehe ya ushuru au ya mkopo, kuna faini.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kubuni programu ndogo ya simu inayoweka orodha ya kazi na kalenda mahali pamoja. Yameandikiwa watu wawili: mfanyabiashara anayetaka kujua amwambie nini kijana wa kompyuta, na huyo kijana mwenyewe atakayeijenga. Hata kama huna mpango wa kujenga chochote, hatua za mwanzo unaweza kuzifanya leo kwa daftari la shilingi chache.

Tutatumia mfano mmoja: fundi wa nguo mwenye cherehani moja na kibanda cha kukodi. Ukiwa na saluni, karakana ya mbao, biashara ya keki au ya kupamba harusi, badilisha tu majina ya kazi. Hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Anza na karatasi

Kabla ya kuchora skrini hata moja, kaa na daftari kwa wiki moja. Kila ukiahidi mtu kitu, andika. Kila ukikumbuka malipo fulani, andika. Usipange lolote, wewe andika tu.

Mwisho wa wiki, soma ulichoandika. Utaona kuna mambo yanayojirudia kwenye kila mstari, na mengine yanaonekana mara moja tu. Yanayojirudia ndiyo programu yako itayahitaji. Yale ya mara moja, achana nayo. Programu nyingi za kazi hushindwa kwa sababu zinamuuliza mtu maswali kumi kabla hajahifadhi kazi moja. Mteja amesimama mbele yako, mkono mmoja umeshika futi ya kupimia, utajaza maswali kumi saa ngapi?

Kwa fundi wetu, mambo sita yanatosha:

- Kazi ni nini. Ianze na kitendo: "Kushona sare 30", "Kulipa kodi ya kibanda", "Kununua uzi". Ukiandika "sare" peke yake, baada ya siku nne hutajua kama ni kukata, kushona au kupeleka.
- Ni ya nani. Jina la mteja na namba ya simu.
- Tarehe ya mwisho. Siku ambayo mteja anataka mzigo wake, au siku ambayo malipo lazima yawe yamefika.
- Siku za kazi. Kazi yenyewe inachukua siku ngapi kuifanya?
- Pesa. Bei yote, kilichokwisha kulipwa, na baki. Pia kama ni pesa ya kuingia au ya kutoka.
- Hali. Haijaanza, inaendelea, imekwisha.

Kati ya hayo sita, ni mawili tu yanayopaswa kuwa ya lazima: kazi ni nini, na tarehe ya mwisho. Mengine mtu ajaze akipata nafasi.

Hatua ya 2: Tofautisha siku ya mwisho na siku za kufanya

Hili ndilo jambo ambalo orodha za kawaida hulikosa, na ndilo sababu kubwa ya kutaka kalenda ndani ya programu. Kwa hivyo twende polepole.

Tuseme mteja anataka sare 30 za shule Jumamosi tarehe 24 Oktoba 2026. Bei ni shilingi 1,200 kwa kila sare, jumla shilingi 36,000. Fundi anaweza kushona sare sita kwa siku, na hafanyi kazi Jumapili. Ukiweka kazi hii kwenye kalenda ya kawaida, utaona alama moja tarehe 24. Siku zote za kabla ya hapo zitaonekana nyeupe, kana kwamba hakuna kazi. Huo weupe unadanganya.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Ijumaa tarehe 23 ni ya vifungo na kupiga pasi. Sare 30 kwa sita kila siku ni siku tano za kushona. Kwa haraka haraka utasema: Alhamisi 22, Jumatano 21, Jumanne 20, Jumatatu 19 na Jumamosi 17. Kitambaa kinunuliwe Ijumaa 16.

Lakini ngoja. Tarehe 20 Oktoba ni Mashujaa. Kama fundi hafungui kibanda siku hiyo, amepoteza sare sita. Kwa hivyo kushona kunaanza Ijumaa 16, kitambaa kinunuliwe Alhamisi 15, na malipo ya awali yawe yameingia kufikia jioni ya Jumatano tarehe 14. Siku moja ya sikukuu imesogeza kila kitu nyuma, hadi siku ambayo fundi anapaswa kumpigia mteja kumwambia, "Mama, naomba ile nusu ya shilingi 18,000 kufikia kesho, la sivyo Jumamosi haitawezekana."

Hiyo simu ya tarehe 13 ndiyo inayookoa kazi yote. Orodha isiyo na kalenda haiwezi kukuonyesha hivyo.

Kwa hivyo mwambie kijana wa kompyuta: nikiweka tarehe ya mwisho na idadi ya siku za kazi, programu ihesabu yenyewe kurudi nyuma, iruke siku ambazo sifanyi kazi, na inionyeshe siku ya kuanza. Ikishahesabu, izitie rangi siku zote hizo kwenye kalenda, si ile ya mwisho peke yake.

Faida ya pili inakuja papo hapo. Mteja mwingine anaingia tarehe 12 akitaka gauni la harusi, siku mbili za kazi, kwa ajili ya tarehe 22. Unafungua kalenda na kuona kwamba kuanzia 15 hadi 23 umejaa. Una njia mbili za kweli: ulishone tarehe 13 na 14, au umwambie tarehe 27. Hukisii tena, na humwambii kila mtu "ndiyo" halafu ukaanza kuzima simu.

Hatua ya 3: Skrini tatu zinatosha

Programu rahisi haihitaji menyu ndefu. Tatu zinatosha.

*Skrini ya Leo.* Hii ndiyo inayofunguka kwanza. Juu kabisa ziwe kazi zilizochelewa, zikifuatwa na za leo, halafu za siku saba zijazo. Kila mstari uonyeshe kazi, mteja na baki ya pesa. Ukimaliza, unagusa mara moja na kazi inaondoka. Iwe na nafasi ya kurudisha ukigusa kwa bahati mbaya, maana vidole vya fundi vina chaki.

*Skrini ya Kalenda.* Mwezi mzima kwa pamoja. Hapa wabunifu wengi hujaribu kuandika jina la kazi ndani ya kila kisanduku, na maandishi yanakuwa madogo hata huwezi kuyasoma. Hesabu yake ni hii: simu nyingi za Android zina upana wa vipimo karibu 360 vya skrini. Gawanya kwa siku saba za wiki, unapata kama 51 kwa kila siku. Mwongozo wa Android unapendekeza kitu cha kuguswa kisiwe chini ya 48. Umebaki na nafasi ya kidole tu. Kwa hivyo weka namba ya tarehe na alama ndogo chini yake. Mtu akigusa siku, kazi za siku hiyo zifunguke chini ya kalenda kwa herufi kubwa zinazosomeka.

Tumia alama za maumbo tofauti pamoja na rangi: mshale wa kuingia kwa pesa inayokuja, mshale wa kutoka kwa pesa unayodaiwa, duara kwa kazi ya mikono. Kuna watu hawatofautishi nyekundu na kijani, na juani rangi zote zinafanana.

*Skrini ya Kuongeza.* Kibonye kimoja kikubwa, pembeni chini, mahali kidole gumba kinafika. Andika kazi, chagua tarehe, hifadhi. Weka vibonye vya haraka: Leo, Kesho, Jumamosi, Mwisho wa mwezi. Ahadi zetu nyingi huangukia hapo.

Hatua ya 4: Kalenda iongee lugha yetu

Programu nyingi zimetengenezwa kwa watu wa mbali, na hilo linaonekana kwenye mambo madogo ya wakati. Kuna matatu ya kuangalia.

Kwanza, saa. Mteja akisema "nitakuja saa mbili", anamaanisha saa ambayo simu inaandika 8:00. Mtu mwingine, hasa aliyezoea kuhesabu kwa Kiingereza, ataandika 2:00. Tofauti ni saa sita, inatosha kabisa kumkosa mteja. Suluhisho ni programu kuonyesha zote mbili kwa pamoja, mfano "saa 2 asubuhi, 8:00", na kamwe isikubali "saa 2" bila asubuhi, mchana au usiku. Ndani ya mashine, wakati uhifadhiwe kwa mtindo mmoja tu wa saa 24. Kinachobadilika ni kile kinachoonyeshwa kwa mtu.

Pili, namna ya kuandika tarehe. Ukiandika 05/10, sisi tunasoma tarehe tano mwezi wa kumi, lakini Mmarekani anasoma tarehe kumi mwezi wa tano. Mbunifu ahifadhi tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 2026-10-05. Huo ni mpangilio wa kimataifa unaoitwa ISO 8601, na una uzuri mmoja wa bure: ukizipanga kama maandishi ya kawaida, tarehe zinajipanga zenyewe kuanzia ya zamani hadi ya karibuni.

Tatu, mwanzo wa wiki na sikukuu. Majina yetu ya siku yanahesabu kutoka Jumamosi, ndiyo maana Jumatatu ina "tatu" ndani yake. Kalenda za ukutani huanza Jumapili au Jumatatu. Mwache mtumiaji achague. Sikukuu zenye tarehe maalum, kama Leba Dei tarehe 1 Mei, Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Jamhuri tarehe 12 Desemba, ziwe zimo ndani tayari. Ikiangukia Jumapili, sheria ya Kenya inaifanya Jumatatu inayofuata kuwa siku ya mapumziko. Lakini Idd hutegemea kuandama kwa mwezi, na Pasaka huhama kila mwaka, halafu Serikali hutangaza mapumziko mengine ghafla. Kwa hivyo lazima kuwe na kibonye cha "ongeza siku ya kufunga" ambacho mtu anabonyeza mwenyewe. Hapo pia ataweka siku zake, kama matanga au safari ya nyumbani.

Hatua ya 5: Kazi zinazojirudia

Kodi ya kibanda, mchango wa chama, malipo ya mkopo, tokeni za stima, kutia cherehani mafuta. Hizi hutaki kuziandika upya kila mwezi. Lakini neno "kila mwezi" lina mitego.

Ukisema "kila tarehe 31", je, Aprili itakuwaje? Aprili, Juni, Septemba na Novemba zina siku 30, na Februari ina 28 au 29. Programu isiyofikiriwa vizuri huruka mwezi mzima, na wewe unakaa ukidhani hakuna deni. Weka chaguo tofauti liitwalo "siku ya mwisho ya mwezi".

Chama nacho hakikutani kwa tarehe, kinakutana "Jumapili ya kwanza ya mwezi". Hilo pia liwe chaguo lake.

Halafu kuna swali ambalo wengi hawalifikirii: marudio yahesabiwe kutoka wapi? Kodi ya tarehe 5 inabaki tarehe 5, hata ukilipa tarehe 9. Lakini mafuta ya cherehani ya kila wiki mbili yahesabiwe kutoka siku uliyotia mara ya mwisho. Ukichanganya haya mawili, kalenda inaanza kukudanganya polepole hadi unaacha kuiamini.

Kijana wa kompyuta hahitaji kubuni sheria hizi upya. Kuna kiwango cha kimataifa cha kalenda, iCalendar, kilichoandikwa katika waraka RFC 5545 wa mwaka 2009, chenye sheria za marudio ya kila aina, pamoja na "Jumapili ya kwanza". Akikifuata, mtumiaji ataweza pia kutoa kazi zake kama faili ya .ics na kuzifungua kwenye kalenda nyingine yoyote.

Hatua ya 6: Kikumbusho kije wakati unaweza kufanya kitu

Kikumbusho cha kulipa shilingi 20,000 kinacholia asubuhi ya siku yenyewe hakikusaidii. Kinakutia presha tu. Kwa malipo, weka viwili: cha kwanza siku tano kabla, ili uanze kutafuta pesa au kudai unaowadai, na cha pili jioni ya kuamkia siku yenyewe. Kwa kazi za mikono, kimoja siku ya kuanza kinatosha.

Usiweke zaidi ya hapo. Simu ikilia mara kumi kwa siku, unazoea kuifuta bila kusoma, na siku moja utafuta ile ya maana. Afadhali arifa moja ya saa 1 asubuhi inayosema: "Leo una kazi 3. Unatarajia shilingi 4,500. Unadaiwa shilingi 2,000."

Kwa anayejenga, kumbuka kwamba kuanzia Android 13 programu lazima iombe ruhusa kabla ya kutuma arifa. Pia simu nyingi hufunga programu zisizotumika ili kuokoa betri, na vikumbusho vinakufa kimya kimya. Jaribu kwenye simu za bei ya chini ambazo wateja wako wanazo. Zima simu, iwashe, uone kama vikumbusho vimerudi. Wakati simu ilikuwa imezima, kilichopita kionekane juu kwenye skrini ya Leo.

Hatua ya 7: Tarehe za pesa ambazo hazisubiri

Programu ya mfanyabiashara wa Kenya iwe na orodha ya tarehe zilizo tayari, na mtu achague zile zinazomhusu:

- Tarehe 9 ya mwezi unaofuata: kama umeajiri mtu, ushuru wa PAYE, michango ya NSSF na ya bima ya afya, SHIF.
- Siku ya tisa ya kazi baada ya mwezi kuisha: ada ya nyumba za bei nafuu kwa walioajiri. Angalia, hapa zinahesabiwa siku za kazi, kwa hivyo tarehe inahama kila mwezi. Hii ni kazi ya kalenda.
- Tarehe 20 ya mwezi unaofuata: ushuru wa mauzo ya biashara ndogo, VAT kwa waliosajiliwa, na ushuru wa mapato ya nyumba za kukodisha.
- Tarehe 30 Juni: mwisho wa kuwasilisha ritani ya mwaka uliopita kwa mtu binafsi.

Ushuru wa mauzo unawahusu wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, na kiwango chake ni asilimia 3 ya mauzo tangu Julai 2023. Kwa ritani ya mwaka, mtu binafsi anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Shilingi 2,000 ni karibu bei ya sare mbili za fundi wetu, zimeenda kwa sababu ya kusahau tarehe tu.

Rudi kwenye mfano wetu uone: tarehe 20 Oktoba, siku ya ushuru, imeangukia Mashujaa, katikati ya wiki ya kushona. Pesa nyingi wakati huo ziko kwenye kitambaa. Kalenda inayoonyesha kazi na malipo pamoja itamwambia fundi mapema atenge ushuru kabla ya kwenda kununua kitambaa tarehe 15.

Sheria za fedha hubadilika karibu kila mwaka. Kwa hivyo tarehe na viwango viweze kusasishwa, na wewe mwenyewe uhakikishe na KRA au na mhasibu wako kila Julai.

Hatua ya 8: Usalama wa pesa na wa wateja wako

Hapa hatubembelezi mtu. Programu ya kazi ni ya kukumbusha, haishiki pesa.

- Isiombe PIN yako. Hakuna sababu yoyote ya programu ya kalenda kujua PIN ya pesa za simu. Ikiuliza, iondoe.
- Isisome jumbe zako. Inavutia kuwa na programu inayosoma ujumbe wa malipo na kujaza yenyewe. Lakini ruhusa hiyohiyo inaona pia namba za siri za mara moja. Afadhali uandike msimbo wa muamala kwa mkono, ni sekunde kumi tu.
- "Imelipwa" iwekwe baada ya kuangalia salio. Ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa. Kabla ya kugusa "imelipwa" na kumkabidhi mtu mzigo wake, angalia salio au taarifa ya till yako. Programu nzuri ikuulize: "Umethibitisha salio?"
- Arifa isianike siri. Simu ikiwa kwenye kaunta, arifa isionyeshe jina la mteja na deni lake kabla simu haijafunguliwa.
- Weka nakala. Simu huibwa na huanguka kwenye maji. Nakala ya kazi zako ihifadhiwe kila wiki mahali pengine, ikiwa imefungwa kwa neno la siri.

Kwa anayejenga: majina na namba za wateja ni data binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kusanya unachohitaji tu, waeleze watu unakitumia kwa nini, na uwape njia ya kukifuta. Njia rahisi kwa kuanzia ni kuhifadhi kila kitu ndani ya simu yenyewe. Android ina hifadhidata ndogo ya SQLite ambayo haihitaji intaneti, kwa hivyo programu itafanya kazi hata bando zikiisha.

Hatua ya 9: Ijaribu kabla ya kumlipa mtu

Kuna ngazi nne za kuijenga, na si lazima ufike ya juu:

1. Daftari lenye safu sita na kalenda ya ukutani. Gharama ni ndogo sana, na inafanya kazi leo.
2. Lahajedwali kwenye simu. Inajumlisha baki za pesa na kupanga tarehe yenyewe.
3. Programu ya kalenda iliyo kwenye simu tayari. Andika kiasi ndani ya jina la tukio. Kwa mtu mwenye kazi chache, hii inatosha kabisa.
4. Programu yako mwenyewe, ukiwa na mahitaji ambayo hayo matatu hayawezi, kama ile hesabu ya kurudi nyuma au kujumlisha pesa za kila wiki.

Kabla ya kuandika msimbo, chora zile skrini tatu kwenye karatasi na uwape watu watano wa biashara tofauti. Mwambie kila mmoja: "Mteja anataka kazi Jumamosi, amelipa nusu. Iweke." Halafu nyamaza uangalie kidole kinaenda wapi. Ikimchukua zaidi ya nusu dakika, punguza kitu. Baadaye, toleo la kwanza litumike kwa mwezi mzima, maana makosa ya marudio hayaonekani mpaka mwezi ugeuke.

Na ukimlipa mtu akujengee, mlipe kwa hatua kama wewe unavyolipwa: sehemu mwanzoni, sehemu skrini ya Leo ikifanya kazi, baki baada ya mwezi wa majaribio. Ziandike hatua hizo kama kazi, kila moja na tarehe yake na pesa yake. Hiyo itakuwa kalenda yako ya kwanza.

Kwa kifupi

Kila kazi iwe na kitendo, tarehe na pesa. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho, ukiruka Jumapili na sikukuu. Andika saa kwa namna isiyochanganya. Tenga ushuru kabla ya kununua bidhaa. Na kikumbusho kije ukiwa bado na nafasi ya kufanya kitu.

Leo jioni, kabla ya kufunga duka, chukua daftari uandike ahadi zako zote za wiki hii pamoja na baki za pesa. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na haihitaji bando.

Kumbuka: PIN yako ni siri yako. Usimpe mtu yeyote, na usiiandike ndani ya programu yoyote ya kazi.